Chupa iliyonidumu miezi 2

Chupa ya kwanza ya losheni ya jua ya kweli niliyomnunulia mwanangu ilinidumu miezi 2, na nilifurahi. Kwa bei niliyotoa, kila nikiinyanyua nikaiona bado ina uzito nilimshukuru Mungu. Mpaka siku muuguzi wa kliniki ya ngozi mjini alipoishika, akaitikisa karibu na sikio lake, akaniuliza, "Mama, hii uliifungua lini?" Nikamwambia. Akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Basi mtoto hakupakwa," alisema.

Hakusema kwa ukali, lakini maneno yale niliyabeba njia nzima kurudi Jambiani, mtoto amenilalia mapajani, masikio yake yamefungwa bandeji.

Sisi ni watu wa pwani ya mashariki ya Unguja, Zanzibar. Nimekulia kwenye mwani, kama wanawake wengi wa huku: maji yakipwa tunateremka, tunafunga mbegu kwenye kamba, tunavuna, maji yakijaa tunapanda juu. Binti yangu wa kwanza ni mweusi kama mimi, na amelelewa mle mle, mgongoni mwangu, kanga moja imemfunga na nyingine imemfunika kichwa. Jua kwetu lilikuwa jambo la kuchosha tu. Mtoto wa pili, mwanamume, alizaliwa na ualbino: nywele rangi ya mkonge, macho yasiyopenda mwanga, ngozi ambayo ukiigusa kidogo inabaki alama. Kuna neno ambalo watu wamezoea kuwaita watoto kama yeye. Nyumbani kwangu halitamkwi, na anayeingia nalo namwomba aliache nje.

Bibi yake, mama wa mume wangu, alimpokea kama alivyowapokea wajukuu wote. Asubuhi anamkanda kwa mafuta ya nazi, anamtoa barazani aote jua, anamwimbia. Wiki ya 6 nilipompeleka chanjo, mhudumu wa kituo cha afya aliniambia mambo mawili ambayo mpaka leo nawaambia mama wengine, wenye watoto wa rangi yoyote. La kwanza, mafuta ya nazi yanalainisha ngozi, hayazuii jua. La pili, mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 kinga yake ni kivuli na nguo, si losheni. Ngozi yake ni nyembamba, na ukilinganisha na uzito wake mdogo, ngozi yenyewe ni eneo kubwa, kwa hiyo unachompaka kinaingia mwilini kwa wingi kuliko kwa mtu mzima. Ikitokea hakuna kivuli kabisa, mko safarini au chomboni, hapo losheni kidogo ya aina inayofaa inaweza kupakwa usoni na juu ya viganja, basi. Lakini kivuli kwanza.

Nilirudi nikamwambia mkwe wangu, "Mama, wamesema asitolewe juani."

"Mwanangu, nimelea 8. Nani kati yao aliyeungua?"

"Hakuna, mama. Lakini wale 8 walizaliwa na rangi ya kuwakinga. Huyu hakupewa."

Akanyamaza. Kesho yake alimkanda mafuta yake ya nazi kama kawaida, ila ukumbini, na baada ya Magharibi. Sikumkatalia. Mafuta yale hayakuwa na dhara, jua ndilo lililokuwa na dhara.

Miezi ile 6 ilipita salama kwa sababu mtoto alikaa ndani. Taabu ilianza alipopata miguu.

Alipokaribia mwaka na nusu nilikwenda mjini kumtafutia mafuta ya jua. Niliingia duka la vipodozi, nikasema nataka kitu cha kumkinga mtoto na jua. Muuzaji akanipa krimu kwenye kiboksi chenye picha ya jua na herufi SPF, kipimo cha kinga ya jua, na namba 15. Nilikuwa sijui kusoma maboksi ya vipodozi, nikaona picha ya jua nikaridhika. Siku ya 3 mashavu ya mtoto yalikuwa mekundu, yanatoa maji, na kila nikimkaribia na kile kichupa alikuwa anageuza uso na kulia kabla sijamgusa. Yule mhudumu wa kituo cha afya alipoliona boksi alinionesha neno lililoandikwa chini kwa herufi ndogo. Ilikuwa krimu ya kung'arisha ngozi. Ile SPF ilitiwa tu kwa sababu ngozi inayong'arishwa inaungua upesi. Boksi halikuwa na orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji.

Hili nalisema kwa uchungu, maana krimu za kung'arisha na mafuta ya jua zinakaa rafu moja, na mtoto mwenye ualbino ndiye wa mwisho duniani anayehitaji kung'arishwa. Zebaki na haidrokwinoni, dawa za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, lakini kisichoandikwa kwenye boksi huwezi kukijua. Tangu siku ile sinunui kitu cha mtoto kisicho na orodha ya viambato, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Na nanunua duka la dawa. Nikikuta chupa imekaa dirishani inapigwa na jua siichukui hata kama imepunguzwa bei, kwa sababu joto linaiharibu dawa ndani yake kabla hujaifungua.

Kosa la pili lilikuja kwa mkono wa wema. Mgeni mmoja aliyemwona mwanangu ufukweni alinipa chupa yake ya mafuta ya jua ya kupulizia, imebaki nusu. Alimhurumia mtoto kwa dhati na mimi nilimshukuru kwa dhati. Nyumbani nikampulizia usoni. Alivuta pumzi wakati uleule, akakohoa mpaka akatapika, macho yamemwasha usiku kucha. Ya kupulizia siyataki tena kwa mtoto mdogo. Yanaingia kifuani, na pwani yenye upepo kama yetu nusu yanachukuliwa na upepo, huoni wapi yamefika na wapi hayakufika. Chupa za wageni zinazoachwa nusu nazo nimeacha kuzipokea, maana hujui imefunguliwa lini wala ilikaa juani siku ngapi. Baadaye niliisoma ile chupa, nikakuta ndani yake oksibenzoni. Kiambato hicho huingia mpaka kwenye damu kikipakwa kwa wingi, na ni mojawapo ya viwili ambavyo jimbo la Hawaii huko Marekani limezuia visiuzwe kwenye mafuta ya jua tangu 2021, kwa ajili ya matumbawe yao. Na sisi tuna matumbawe. Tuna mwani pia, na watoto wetu wanaoga humo humo.

Kwa hiyo sasa nikishika chupa naigeuza nyuma kwanza. Natafuta zinki oksaidi au titani dioksaidi. Hivi ni unga wa madini, vinakaa juu ya ngozi, havina pilika za kuingia ndani, na ndivyo vinavyopendekezwa kwa watoto na kwa ngozi nyepesi kukasirika. Vinaacha weupe. Huo weupe watu wanaukimbia, mimi naupenda, kwa sababu unanionesha nilipopaka na nilipopasahau. Kisha namba: isipungue 30. Kinga ya 30 huzuia karibu asilimia 97 ya miale ile inayounguza, ya 50 huzuia kama asilimia 98, kwa hiyo sijitesi kutafuta namba kubwa zaidi kwa pesa mara mbili. Muhimu zaidi ni chupa iseme inazuia miale ya aina zote mbili, UVA na UVB, maana namba ile ya SPF inahesabu hasa UVB. Na isiwe na manukato. Mtoto hahitaji kunukia, na harufu ndiyo mara nyingi inayomwasha. Chupa mpya naijaribu kwanza ndani ya mkono wake, pale kwenye mkunjo wa kiwiko, nasubiri mpaka kesho yake.

Hiyo ndiyo chupa niliyoinunua mwishowe, chupa ya kweli, ya mililita 100. Ndiyo iliyodumu miezi 2.

Mwanangu alikuwa na miaka 3. Ilikuwa Julai, Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa Kiswahili, na kwetu sisi watu wa kusini Mwaka Kogwa hauulizwi kama utakwenda. Tulipanda gari asubuhi kwenda Makunduchi, mimi, mume wangu, binti, na yeye amevaa kanzu mpya na kofia aliyoshonewa na ami yake. Nataka uione hiyo kofia. Nyeupe, ya kushona kwa mkono, zile za vitobo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kazi ya miezi. Ilimkaa vizuri mno. Kabla hatujatoka nilimpaka losheni: tone kwenye kidole, nikamsugua paji la uso, mashavu, pua, mpaka ikapotea kabisa. Nilikuwa nadhani mafuta yakipotea ndiyo yamekolea.

Siku ile ilikuwa na kibaridi. Kipupwe, upepo wa kusi unavuma, mawingu mepesi yanapita, watu wengine wamejifunika kanga ya pili mabegani. Tulisimama uwanjani tangu kama saa 4, wanaume wakipigana kwa migomba, vumbi, vicheko, kibanda cha makuti kikachomwa, watu wakakimbia kuitupia michanga. Mtoto alikuwa juu ya mabega ya baba yake, anaona kila kitu, anapiga makofi. Kila mara nilimgusa shavu nikalikuta baridi. Nikasema moyoni leo hakuna jua.

Usiku hakulala. Nilipomvua kofia kwenye mwanga wa taa niliona masikio yamevimba, ncha zake zimejaa malengelenge yenye maji. Ukosi ulikuwa mwekundu mstari mmoja, pale kanzu ilipoishia. Na juu ya utosi, katikati ya nywele zile nyepesi, palikuwa na vidoa vyekundu vilivyopangika duara juu ya duara. Nilivitazama sana nikijiuliza ni ugonjwa gani huu, mpaka nikaichukua kofia nikaiweka karibu na kichwa chake. Vilikuwa ni vile vitobo. Jua lilikuwa limemchora mwanangu lile ua la ami yake.

Nililia. Sioni haya kulisema.

Muuguzi wa kliniki ya ngozi alinieleza lililotokea, na alinieleza taratibu bila kunitia hatia zaidi ya niliyokuwa nayo. Joto na miale inayounguza ni vitu viwili. Joto unalihisi, miale ile, ya urujuanimno, huihisi mpaka imeshakufanyia kazi. Wingu jepesi linaipitisha sehemu kubwa sana. Upepo unaondoa joto kwenye ngozi lakini miale hauiondoi, ndiyo maana shavu lilikuwa baridi na sikio linaungua. Mchanga mweupe unairudisha juu, kwa hiyo hata ukikaa chini ya mwavuli ufukweni inakuja kwa chini. Na maji hayaizuii kama tunavyodhani: nusu mita chini ya maji bado ipo karibu asilimia 40 ya ile ya juu. Mtoto anayechezea maji ya magoti kwa saa nzima anajiona amepoa, kumbe mgongo unaiva. Zanzibar iko kama digrii 6 tu kusini mwa ikweta, jua linatupita utosini mara 2 kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na hata hiyo Julai ya kipupwe adhuhuri liko juu vya kutosha kumuunguza mtoto kama wangu.

Akaniuliza nilipaka kiasi gani. Nikamwonesha: tone, ncha ya kidole. Ndipo alipoomba kuiona chupa.

Baada ya kusema lile neno, kwamba mtoto hakupakwa, alitoa kijiko cha chai kwenye mtoto wa meza. Namba iliyoandikwa kwenye chupa, alisema, imepimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba. Ukipaka robo yake hupati kinga hiyo, unapata kitu cha kukudanganya. Mtu mzima uso na shingo vinataka kijiko kizima cha chai. Mtoto mdogo kama huyu, kama nusu kijiko kwa uso, masikio na shingo, na nyingine kidogo ya viganja na miguu. Akamimina mbele yangu kwenye kiganja changu. Ilikuwa nyingi mpaka nilitaka kuirudisha chupani. Tukapiga hesabu pamoja: kiasi cha mililita 3 au 4 kila mara, na mara 3 kwa siku, kwa sababu baada ya saa 2 inabidi irudiwe, na akioga au akifutwa taulo irudiwe papo hapo. Chupa ya mililita 100 inakwisha kwa kama siku 10.

Hapo niliona giza. Siku 10. Kwa pesa ya mwani, chupa 3 kila mwezi haiwezekani, na sikutaka kumdanganya. Nikamwambia, "Dada, sitoweza."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana losheni inakuja mwisho. Mfunike kwanza. Usipake kwa losheni mahali panapoweza kufunikwa kwa nguo. Ile chupa iwe ya mahali ambapo nguo haifiki tu."

Neno hilo liligeuza nyumba yetu.

Nilianza na nguo. Nina cherehani, nikadhani kazi ni ndogo. Nilimshonea mashati meupe mepesi ya mikono mirefu, nikiamini nyeupe inafukuza jua. Kisha nikafanya kitu ambacho nashauri kila mzazi akifanye: nilinyanyua shati juu ya dirisha, nikatia mkono ndani. Niliviona vidole vyangu vyote. Nguo ambayo vidole vinaonekana, jua nalo linaona njia. Ikirowa ndiyo mbaya zaidi, pamba nyeupe nyepesi ikishika maji inamwacha mtoto kama yuko uchi. Sasa natumia kitambaa kilichofumwa kwa kubana, rangi ya buluu iliyoiva au kijani kibichi, kola ya kusimama inayofunika ukosi, mikono inayofika kwenye vifundo. Ya kuogea baharini ni ile ya kunyumbuka, niliipata mtumbani, mikono mirefu, inabana mwili. Mume wangu huulizwa na wavuvi wenzake kwa nini mtoto anaoga na nguo. Anawajibu, na hajibu kwa unyonge.

Kofia ilikuwa kazi ya mkwe wangu, na hapa nataka kukaa kidogo. Yeye ni fundi wa ukili tangu usichana wake. Niliporudi kutoka mjini na habari ya kofia pana hakusema neno, lakini jioni nilimkuta amekaa barazani na ukindu miguuni. Alimsukia mjukuu wake pama, ile kofia pana ya ukili. Kubwa, ukingo wake ukishuka mabegani. Mtoto alipolivaa tukatoka naye uani kulijaribu, sote tumefurahi, na bibi yake mwenyewe ndiye aliyeona kwanza. Alimwinamia, akamshika kidevu. Usoni kwa mtoto palikuwa na chembe za mwanga, ndogo ndogo kama mchele uliomwagika, zinacheza kila akitikisa kichwa. Ukili ulikuwa umesukwa kwa nafasi, kama wa mkoba.

"Hili nalo lina vitobo," akasema. Akalivua, akalifumua lote.

La pili alilisuka kwa miyaa myembamba, akaibana mpaka vidole vikamchanika, na ndani akanitaka nilitie kitambaa cheusi. Kitambaa cheusi chini ya ukingo kinameza mwanga unaorudi kutoka mchangani, na macho yake yanapumzika. Tangu hapo amemsukia mapama 4, kila anapokua. Mwanamke yule yule aliyeniuliza nani kati ya 8 aliyeungua, leo mjukuu akitoka bila pama sauti yake inasikika mpaka msikitini. Kofia ya ami yake anaivaa Ijumaa, na usiku wa Idi. Ni kofia nzuri na haina kosa lolote, ila si ya mchana.

Ya skuli nayapita haraka. Nilikwenda kuomba mambo matatu: mikono mirefu, pama mpaka mlangoni, na asisimamishwe kwenye mstari wa asubuhi uwanjani. Mara ya kwanza niliambiwa sare ni sare. Nikarudi na barua ya kliniki. Mara ya 3 nikarudi na bibi yake. Sasa anasimama chini ya mwembe, anakaa benchi la mbele aone ubao, na mwalimu wake wa sasa, Mungu amlipe, humkumbusha kupaka wakati wa mapumziko.

Mama wenzangu wa mwani huniuliza kama na wao wanunue kwa watoto wao. Nawaambia ninachokiamini. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 akae kivulini, mweusi na mweupe sawa. Mtoto mweusi mkubwa aweza kuungua akishinda baharini kutwa, nimemwona binti yangu akibabuka pua baada ya sikukuu, basi siku kama hizo mfunike, na ukiwa nayo mpake. Lakini usinyime sukari nyumba yako kwa losheni ya kila siku ya mtoto ambaye Mungu amempa kinga yake kwenye ngozi. Kwa mwenye ualbino hiyo ni dawa, si kipodozi, na ingefaa ipatikane kama dawa. Bara, kule Moshi, hutengenezwa Kilisun, mafuta ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nilipojua kwamba kuna watu walikaa wakawaza ngozi ya mwanangu na jua la kwetu, nilipata nguvu nisizoweza kuzieleza.

Maana mimi najua ninachokiogopa. Nilipokuwa msichana palikuwa na mvuvi mmoja mwenye ualbino akipita kwetu kuuza samaki. Alikuwa na kidonda nyuma ya sikio, anakifunika kwa kitambaa. Miaka ilipita, kidonda kilikuwa kile kile, kinakua. Sote tulikizoea. Hakuna aliyemwambia kwamba kidonda cha ngozi kisichopona kwa wiki kadhaa si kidonda cha kuzoea, kwamba saratani kwa watu kama yeye huanzia hapo hapo, kichwani, masikioni, shingoni, na kwamba ikiwahiwa inakatwa ikaisha. Alikufa bado kijana. Kila Alkhamisi usiku mimi namkagua mwanangu kwa tochi: nyuma ya masikio, utosini, midomo, ukosi. Sehemu yoyote inayokwaruza mkononi kama msasa naiandika tarehe, na isipoondoka tunapanda gari la mjini.

Sasa ana miaka 7. Chupa inakaa kwenye kivuli cha mtungi, imefungwa kitambaa kibichi, na inatudumu wiki 3 kwa sababu ina kazi ndogo: uso, masikio, viganja, juu ya nyayo. Asubuhi dada yake anamtilia vitone: paji, pua, mashavu, kidevu, ncha za masikio, nyuma ya masikio. Yeye anavihesabu kwa sauti, na kimoja kikikosekana hatoki. Kisha anajipaka mwenyewe, weupe ukibaki haufuti. Wanasubiri kidogo ishike, robo saa hivi, ndipo pama linavaliwa.

Na saa ya kutoka juani ameipata mwenyewe. Chuoni, kwenye madrasa, mwalimu aliwafundisha nyakati za sala, akawachomekea kijiti mchangani, akawaambia Alasiri inaingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiondoa kile cha adhuhuri. Akaja nyumbani akaniambia, "Mama, ile miale yako na Alasiri ni hesabu moja." Muuguzi aliwahi kunipa kanuni hiyo hiyo, kwamba kivuli kikiwa kifupi kuliko wewe jua ni kali, jifunike, na mimi sikuwahi kumwambia mtoto. Amechomeka kijiti chake uani, chini ya ukingo wa makuti. Wenzake wakipita na mpira kwenda ufukweni saa 8, wanamwita, naye anajibu akiwa mlangoni, "Tangulieni." Anakaa na bibi yake, anamshikia ukindu. Adhana ikitoka anainuka, anakwenda kukitazama kijiti chake kwanza, anajilaza pale chini kukipima kwa mkono, kisha namsikia anakimbia, pama mgongoni, kamba yake imeshikwa shingoni.

"Lako kichwani!" bibi yake anapiga kelele.

Analivaa huku anakimbia.